Mpaka Katikati ya Uwanja

Wakati wa Wazungu, kazi ya Byabato kwenye uwanja wa kriketi wa Rwamishenye ilikuwa kufukuza mpira. Mabwana wa wilaya wakipiga, yeye huyo mbio hadi kwenye migomba ya watu, akirudi na mpira na upupu. Uhuru ulipokuja, mabwana wakaenda kwao, na Byabato akarithi uwanja, kibao cha kupigia na kanuni za mchezo, ambazo nusu alizijua na nusu alizitunga.

Tangu hapo alikuwa na haja moja duniani: apige mpira uvuke barabara iliyopita kando ya uwanja. Hajawahi. Mkewe Joviana, aliyemrushia mpira kila akitoka kuchuma kahawa, alisema barabara yenyewe imechoka kungoja.

Vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila upande, kwa anayerusha na kwa anayepiga, vililiwa na mchwa. Byabato, mvivu wa kwenda kwa seremala, alikata fito za mulamula, akazichomeka, akaenda zake kunywa rubisi. Mvua ikanyesha. Mulamula ni mti usiojua kufa. Fito zikatoa majani.

Joviana alicheka mpaka akakaa chini. Kila Mhaya anajua mulamula hupandwa mpakani, kati ya kibanja na kibanja, na anayeung'oa hata ukoo wake haumtetei.

“Baba Aroni,” alisema, “umepanda mpaka katikati ya uwanja. Unagawana na nani, na nzige?”

Ndipo serikali ikaleta kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, kila kipande cha ardhi kilimwe. Mwenyekiti wa tawi la chama, Kamugisha, akatangaza kwamba uwanja utalimwa maharage, kwa kuwa nyasi zinazonyolewa kama kichwa cha askari ni unyonyaji. Byabato akajitetea kwamba kriketi ni mchezo wa wananchi. Alipoulizwa wananchi gani, alimwonyesha Joviana.

Jumamosi watu wakaja na majembe, wakiimba. Byabato alisimama pembeni amekumbatia kibao chake kama mtu aliyefiwa. Mstari wa walimaji ukasogea, ukasogea, ukafika katikati, na wimbo ukakatika.

Mzee Rugaibula alikuwa ameweka jembe chini. Yeye ana wajukuu, alisema, hang'oi mpaka wa mtu. Kamugisha akamweleza kwamba siku hizi ardhi ni ya umma, mipaka ya kibwanyenye imekwisha. Rugaibula akamkabidhi jembe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akimwita bwana kwa Kihaya.

“Basi anza wewe, waitu.”

Kamugisha alikuwa mwanasiasa, lakini kabla ya siasa alikuwa mtoto wa Muleba, Mhaya kama wao. Aliutazama mulamula, akalitazama jembe, akalirudisha.

“Mzee Byabato,” alisema taratibu, “huu mpaka ni kati ya nani na nani?”

Byabato angeweza kutaja ukoo wowote na kuuokoa uwanja wote. Lakini kusema uongo mbele ya mulamula ni kubaya kuliko kuung'oa.

“Kati ya anayerusha na anayepiga,” akajibu.

Mwenyekiti akafikiri. “Na wamekwisha kupatana?”

“Bado, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo maana mpaka upo.”

Ikaamuliwa uwanja ulimwe wote, isipokuwa ule ukanda ulio kati ya mulamula na mulamula, mpaka wahusika wapatane. Maharage yakaota pande zote, na Joviana akaongeza kanuni yake: mpira ukiangukia kwenye maharage, aliyepiga anapalilia tuta hilo.

Msimu huo Byabato alipalilia kuliko kijiji kizima. Mgongo ukauma, mikono ikakomaa kwa jembe, na jioni moja alipiga mpira ukapaa juu ya maharage, juu ya barabara, ukatua ng'ambo. Kibao kikamponyoka.

Joviana alikinga jicho kwa kiganja, akahakikisha ulipoangukia.

“Umevuka, mume wangu,” alisema, akimpa jembe. “Lakini ile ni ploti ya Mwenyekiti. Naye kapanda maharage.”