Mabuti Mapya ya Jeancy

Lifti ya flati za Umbilo ilikuwa imekufa tangu Jumapili, kwa hiyo Jeancy alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya sita, amevaa mabuti yake mapya ya mlima. Bibi yake, Koko Agathe, alimsikia akigonga ghorofa ya tatu kwa jirani yao, Mama Anaïs, kuomba maji.

"Koko, leo lazima nijibu kundi letu la kupanda milima," alisema akijitupa kitini. "Kule Himalaya iko njia mbili. Ghorepani siku tano, Langtang siku nane. Zote za wastani, na njiani iko nyumba za chai za kulala. Kazini nilishajisifu naenda Langtang."

Koko alitazama karatasi ya bei iliyokuwa bado imebandikwa kwenye soli. Akamimina chai ya tangawizi, polepole.

"Papa, mjukuu wangu, mdomo haupandi ngazi. Wastani wa nani? Wa mlima ao wa magoti yako?"

"Unanicheka!"

"Nimesahau mkate tu. Shuka dukani ulete. Ukirudi bila kugonga kwa Mama Anaïs, nenda Langtang na baraka zangu."

Jeancy alitazama mlango. Akatazama mabuti. Akachukua simu, akaandika: Ghorepani.

Chai aliinywa bila mkate.