Ile ya Kiswahili Aliichukua

Mwalimu Harith alikuwa akija kwetu Malindi kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri, kumzoeza mdogo wangu Sumeiya Kiingereza cha mtihani wa chuo. Chuo chenyewe kiko ng'ambo. Mtihani ungefanyiwa Nairobi Jumamosi, na atakayefaulu angepanda ndege kutoka huko huko, bila kurudi nyumbani. Ndivyo alivyotueleza.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikaa pale kwa sababu kwetu msichana haachwi chumbani na mwanamume wa kando, hata awe mwalimu. Wao walikaa mezani, mimi na kofia zangu za kushona pembeni ya mlango. Shule niliishia la nane. Kiingereza chao kilinipita, kwa hivyo nilitazama nyuso na mikono.

Zoezi la kusikiliza, alifungulia sauti za Wazungu kwenye simu na Sumeiya akajaza majibu. La kusoma, alimpa kurasa tatu akasahihisha kila mstari kwa wino mwekundu. Hapo sikuwa na neno naye.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ikawa zamu ya kuandika.

"Mwandikie mama yako barua," alisema. "Umefika chuoni, uko salama. Anza kwa Kiswahili, halafu utafsiri. Tarehe usitie."

Sumeiya aliandika, na pale alipokwama mwalimu alimtajia la kusema. Alipomaliza, mwalimu akamsogezea simu.

"Sasa isome hapa. Ile ya Kiswahili. Uchangamke basi, hatuko matangani."

Sumeiya akacheka, akasoma. "Shikamoo mama. Nimefika salama. Chumba changu kina dirisha kubwa. Simu zetu wanazishika kwa ajili ya masomo, kwa hivyo nikikaa kimya usiwe na wasiwasi."

Mwalimu akaisikiliza tena, akaridhika. Karatasi ya Kiswahili akaikunja, akaitia mfukoni. Ya Kiingereza ikabaki mezani, wala hakuigusa kwa wino wake.

"Mwalimu," nikasema, "hii ya Kiingereza husahihishi?"

Akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

"Wewe bibie ulisoma mpaka wapi?"

"La nane."

"Basi shona kofia."

Alipotoka, Sumeiya alininunia. "Da Kulthum, waniaibisha. Huo ni wivu."

Wivu nilikuwa nao kidogo, sikatai. Lakini karatasi ile ilikuwa bado mezani.

Jumatano asubuhi alikuja Mama Viola na kapu lake la kisamvu kutoka Vitengeni. Ni yeye aliyetuletea habari za mwalimu huyu. Bintiye Viola alifundishwa naye katika chumba cha kukodi kule Mtwapa, wawili peke yao, akaondoka miezi mitano nyuma. Nilimuuliza hali ya Viola.

"Yu vyema kabisa. Hebu sikiza."

Alifungua fundo la leso, akatoa simu, akafungulia ujumbe uliotoka namba ya Viola. Ilikuwa sauti ya Viola, imechangamka. "Shikamoo mama. Nimefika salama. Chumba changu kina dirisha kubwa."

Nilimwita Sumeiya. Alisikiliza amesimama, mpaka pale pa simu kushikwa na kutokuwa na wasiwasi.

"Labda ni zoezi la kila mtu," alisema.

"Mama Viola," nikauliza, "nyumbani Viola huzungumza nawe Kiswahili?"

"Tangu lini? Sisi ni Kigiriama tu. Lakini sasa ni msomi, ataka kuniringia." Akacheka. "Hiyo shikamoo yenyewe hajaniamkia nayo tangu azaliwe."

"Umewahi kumjibu?"

"Kwa lipi? Mimi husikiza tu. Hiyo ya kusema ndani sijui."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaisogeza simu mdomoni akasema kwa Kigiriama, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Alipoachia kidole akatwambia kwamba amemuuliza jina lake la nyumbani, lile la nyanya yake, ambalo nje ya ukoo wao halijulikani.

Alama mbili zikageuka buluu. Juu pakatokea kwamba anaandika. Pakafutika, pakatokea tena. Mama Viola alitabasamu, akaisogeza simu machoni ingawa kusoma hajui.

Jibu lilipokuja nililisoma mimi. "Mama, tafadhali sema kwa Kiswahili."

Mama Viola aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Huyo si wangu," alisema chini chini. "Wangu yuko wapi?"

Nilimgeukia Sumeiya, nimejitayarisha kwa mabishano.

"Jumamosi huendi."

"Siendi." Aliketi sakafuni. "Lakini pasipoti yangu anayo, Da Kulthum. Na sauti yangu anayo. Na kesho ni Alhamisi."

Mama yetu alikuwa sokoni. Nilivaa buibui nikamtafute Ami Mahadhi, mdogo wake baba, atuongoze kituo cha polisi sote watatu, na ile simu tuibebe. Nilikuwa nimefika mlangoni simu ikaita mkononi mwa Mama Viola. Ilikuwa namba ile ile ya Viola.

"Usipokee," nilisema.

Alikuwa ameshapokea. Aliliita lile jina la nyumbani, mara mbili, mbele yetu sisi tusiopaswa kulisikia. Nilirudi nikatega sikio; upande wa pili hapakutoka neno. Mtu alikuwa akipumua tu, ametulia, akisikiliza ni nani wengine waliomo chumbani.