Jibu la Mwana wa Giza

Wivu wa Malek ulianza siku Faridah alipocheka peke yake kwenye kochi, akaulizwa acheka nini, naye akajibu bila kuinua macho, "Huwezi kuelewa. Yataka usome tangu mwanzo."

Kitabu chenyewe kilitoka maktaba ya Tooting, mtaa wao wa London, kinene kama tofali. Jaladani alisimama mwanamume kifua wazi, mwenye mbawa nyeusi na macho ya rangi ya fedha. Alikuwa mwana wa mfalme wa nchi isiyochomoza jua, katika dunia nyingine kabisa. Alimteka binti wa adui yake, kisha akampenda. Faridah akirudi kutoka kwa wazee aliokuwa akiwauguza, alivua viatu na kwenda huko moja kwa moja.

Malek alikuwa kijana wa Mombasa, muosha mabasi, na miezi minane tu ilikuwa imepita tangu amuoe Faridah. Alikuwa na kiburi kimoja: ushairi. Hakufunzwa na mtu. Kila jioni aliweka redio ya kanda, akasikiliza mashairi ya nyumbani, kisha akatunga yake kwa sauti, akihesabu mizani kwa vidole. Mtu kama huyo ashindwe na jitu la karatasi?

Akateremka kulalamika kwa Gurmit, Singasinga wa Nakuru aliyeuza vitambaa chini ya chumba chao.

"Sasa huyo mtu," Gurmit akasema, akipima kitambaa, "viatu vyake umevikuta mlangoni kwako?"

"Hana viatu. Ana mbawa."

"Basi funga dirisha, Bwana Malek."

Malek hakucheka. Alipanda juu, akaandika ubeti, akauchomeka pale Faridah alipokuwa ameishia kusoma:

*Mwana wa giza sikia, kama unalo sikio,*
*Mke wangu nakwambia, si wako wa kimbilio,*
*Mbawa zako nasikia, hazina hata mlio,*
*Shuka chini kwenye njia, upambane na mwenzio.*

Kwao, shairi la kuchokoza halikosi jibu, na jibu hufuata vina vilevile. Malek hakungoja jibu. Nani angejibu? Lakini asubuhi ya pili, Faridah akiwa keshakwenda kazini, alitia mguu kwenye buti lake akakanyaga karatasi:

*Bwana nimekusikia, sina haja ya kilio,*
*Mkeo akiingia, wewe u kwenye redio,*
*Mimi namsubiria, nampa langu sikio,*
*Ndivyo nilivyoingia, mlango wazi mwenzio.*

Alihesabu kwa vidole. Nane kwa nane. Akahesabu tena, akiomba apate hata mizani moja iliyopotea, asiipate. Siku nzima aliosha mabasi kama anayeyapiga. Malek alikwisha kumsahau mwenye mbawa; sasa alimtafuta mwanamume mwenye kalamu. Ni nani huyo ajuaye kwamba Malek ana redio?

Faridah alimkuta amesimama katikati ya chumba, karatasi mkononi.

"Nipe jina lake."

"La nani?"

"Aliyekutungia hili. Usinambie ni wewe, Faridah. Vina hivi havimjii mtu kwa bahati. Mimi vimenichukua miaka."

Faridah alivua koti polepole, akalitundika.

"Ni mtu wa Mombasa," akasema. "Jioni hukaa kwenye kiti kile pale, ahesabu vidole kwa sauti kama muuza maembe. Akikosea hurudia mara kumi. Mimi hapa nakunja nguo. Miezi minane, Malek. Ulidhani nimeziba masikio?"

Malek akaitazama tena ile karatasi.

"Mbona hukunambia watunga?"

"Uliniuliza lini?"

Akakitazama kile kiti. Alijaribu kukumbuka jioni moja aliyomuuliza amekuwaje kazini, hakuikumbuka. Tena, hata aibu ikimpanda, jambo jingine lilimchoma: ule mshororo wa mwisho. Neno lake mwenyewe, "mwenzio", alilolirusha kama jiwe, lilikuwa limedakwa na kurudishwa kwa adabu. Yeye asingeliweza.

"Mshororo wako wa mwisho ni mzuri," akasema, na kila neno lilimtoka kwa shida.

"Najua."

Faridah akaketi kwenye kochi, akakifungua kitabu, akangoja. Malek akaenda akazima redio ambayo hata haikuwa ikilia, akachomoa waya wake ukutani, akaja kukaa kando yake.

"Umekuwaje kazini?"

"Nimechoka. Mzee mmoja amenitupia uji."

"Uji wa moto?"

"Wa baridi, alhamdulillahi." Akamtazama, kisha akarudisha kurasa hadi ya kwanza. "Nikusomee? Nitakugeuzia kwa Kiswahili."

"Soma."

Akasoma. Nchi isiyo na jua, kasri, binti aliyefungwa. Malek alivumilia kurasa tatu.

"Hizo mbawa," akauliza, "ni kubwa kiasi gani?"

"Malek."

"Nauliza tu. Endelea."