Kidole Gumba cha Kushoto

Fundi cherehani aliliweka daftari lake la vipimo mezani kwa aibu, maana lilikuwa limechakaa na kujaa vumbi la chaki. Daktari bingwa alikuwa ameomba kumbukumbu za kifafa cha bintiye wa miaka minane, naye hakuwa na nyingine. Kifua cha mteja, kiuno cha mteja, halafu: "Mtoto. Kidole gumba cha kushoto kimeanza kucheza. Kisha mkono. Kisha kaanguka."

Picha za kichwa zilikuwa zimeonyesha madoa mawili, moja kila upande, mahali ambapo ubongo haukujipanga sawasawa tangu mtoto akiwa tumboni. Kifafa kikianzia doa moja, madaktari hulitoa kwa upasuaji. Kikianzia kotekote, hawapasui, na dawa zilikwisha kugonga mwamba.

Daktari alisoma. Kushoto, kushoto, kushoto. Kisha akaguna.

"Mama, hapa umeandika kulia. Mara tatu. Basi kinaanzia pande zote mbili."

Fundi akalivuta daftari, akazikodolea macho zile kurasa, na juu ya kila moja akaona neno lilelile: kujaribisha. Aibu yote ikamtoka.

"Siku hizo sikuwa napima, daktari. Wateja walikuja kujaribu nguo. Hapo nasimama nyuma ya mteja, tunatazama kioo wote. Mwanangu nilimwona kwenye kioo, nikaandika mbiombio. Kioo kinageuza. Ni kushoto kulekule."

"Una hakika?"

"Nikikosea bega, mtu anakwenda harusini koti limepinda. Nina hakika."

Daktari alicheka. "Nilikuwa nataka kuwarudisha nyumbani," alisema. "Sasa namlaza, tumpime kwa nyaya."

Mtoto alilazwa siku nne, nyaya tele kichwani. Kifafa kilikuja mara mbili, na mara zote mbili mashine ikaonyesha doa lilelile, la upande unaoendesha mkono wa kushoto. Daktari akaja na wanafunzi wake sita, akawaonyesha fundi kwa mkono wazi.

"Huyu mama ndiye aliyeliona kabla yetu. Tunapasua."

Fundi alikuwa ameisubiri kauli hiyo miaka miwili. Machozi yakambubujika, na hakuyafuta.

"Mama, jikaze bwana," binti alinong'ona, akimvuta gauni. "Wanakusifia."

"Waache wanisifie," alisema fundi, akasimama wima mbele yao wote.