Ukurasa wa Tatu wa Mwalimu Kitonga

Kasyoka alikuwa amechoka tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa. Usimwonee huruma sana. Kazi ya kuchapa vijitabu vya mazishi katika mji mdogo wa Kwa Vonza aliitafuta mwenyewe, miaka kumi na sita iliyopita, na haijawahi kukosa wateja. Lakini jamani, watu wanaweza kukuchosha hata wakishakufa. Huyu anakutumia habari za marehemu kwa simu, vipande vipande, katikati ya salamu. Yule anakuletea picha ya karatasi aliyoipiga gizani, anataka uigeuze iwe maandishi, na anakusubiri mlangoni kana kwamba ni chai unachemsha.

Kazi ya leo ilikuwa ya Mwalimu Kitonga, mzee wa kanisa, wa kuzikwa kesho. Faili ilitumwa na mwanawe mkubwa, Kisilu, kutoka Nairobi, ikiwa ya Word mpya kabisa. Sasa, programu ya Kasyoka ya kupanga kurasa ni kuukuu, haielewi mambo mapya. Lazima faili igeuzwe kwanza iwe ya mtindo wa zamani ndipo ikubali kuingia, na kila ikigeuzwa kuna kitu kinaharibika. Picha inahamia juu ya maneno. Orodha ya wajukuu inapoteza namba. Kasyoka anapanga, inavurugika, anapanga tena.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke wa miaka hamsini hivi, tangu saa mbili, mkoba magotini. Jina lake Mbithe, ametoka Makindu. Namba ya duka aliipata chini ya tangazo la kifo. Alipoulizwa anataka kuchapiwa nini, alisema hachapishi kitu, anataka tu kuona kijitabu kikiwa tayari. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu Kitonga ni baba yake wa kumzaa, si wa kumlea. Alikuwa amefundisha Makindu akiwa kijana, kabla hajahamishiwa kwao na kuoa. Watoto wake wanajua, ila hawajawahi kumwita nyumbani.

"Nikiwa nimeandikwa, nitaenda kumzika," alisema. "Kama sijaandikwa, nirudi Makindu leo. Sitaki kusimama pale watu waanze kuulizana huyu ni nani."

Kasyoka alikuwa ameshaisoma faili. Watoto walikuwa wanne, na Mbithe hayumo. Angemwambia hapo hapo yakaisha. Badala yake akasema, ngoja kwanza nimalize kupanga. Ilikuwa woga tu, na alijua.

Akaigeuza faili kwa mara ya tatu, akatoa nakala ya kuangalia. Ukurasa wa tatu ulitoka vurugu tupu. "Mimi nilizaliwa Marehemu alizaliwa Kitui. Nilifundisha Alifundisha miaka thelathini na nane." Kasyoka akailaani mashine kimoyomoyo, halafu akaelewa. Watoto walikuwa wamesahihisha maandishi huku kompyuta ikiweka kumbukumbu ya kila sahihisho, na ikiwa hivyo, neno ulilofuta haliondoki, linafichwa tu. Programu yake kuukuu haikujua kuficha. Ilikuwa imemwaga yote, ya kwanza na ya baadaye. Kumbe mzee alijiandikia habari zake mwenyewe akiwa hai, na watoto wakampitia mstari kwa mstari.

Chini ya majina manne palikuwa na maneno ambayo Kasyoka hakuwa ameyaona kwenye ile faili:

"Na Mbithe wa Makindu, ndiye mtoto wangu wa kwanza. Sikumlea, na ni makosa yangu. Akija kunizika, apewe kiti pamoja na wenzake."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatoka nje kumpigia Kisilu. Alipomsomea yale maneno, Kisilu akasema kwamba mama yao ana presha, kwamba kamati ya mazishi ilishapitisha, kwamba mambo ya Makindu si ya kusomwa mbele ya kanisa. Kasyoka akamwambia ni baba yako ameandika.

"Kasyoka," Kisilu akasema, "wewe chapa vile tulituma."

Kasyoka aliwaza kuyaacha yale maneno pale pale na kusingizia mashine. Watu mia tatu wangesoma. Lakini marehemu hakuwa wake, wala familia haikuwa yake, na kusema kweli hakuwa na nguvu za ugomvi. Akarudi ndani, akakubali masahihisho yote kwa pamoja ili yaliyofutwa yaondoke kabisa, akaigeuza faili upya. Ukurasa wa tatu ukatoka safi kabisa. Alijichukia kidogo, akaendelea kuchapa.

Kijitabu cha kwanza kilipokunjwa alimpa Mbithe. Mbithe akasoma majina kwa kidole, akarudia, akageuza kurasa hadi nyuma, labda ameandikwa kwingine. Kisha akakirudisha mezani taratibu, akasimama.

"Asante, mama. Nimeona."

Alikuwa ameshafika mlangoni Kasyoka alipoinama kwenye katoni ya karatasi zilizoharibika.

"Rudi kidogo," alimwambia. "Hii siruhusiwi kuitoa. Imeharibika, lakini ndiyo yeye mwenyewe aliandika."

Mbithe aliisoma amesimama. Ilimchukua muda, maana maneno yalikuwa yamepandana na picha ilikuwa imefunika nusu ya aya. Alipofika chini alikaa tena kwenye benchi, akalia bila sauti. Kasyoka akajifanya anahesabu karatasi.

"Unaweza kuitia plastiki?" Mbithe akauliza mwishowe.

Kasyoka akawasha mashine ya plastiki, wakaingoja ipate moto. Ukurasa ukapita polepole, ukatoka upande wa pili mgumu na wenye joto, na makosa yake yote ndani. Mbithe aliupepea upoe, akauweka kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Mazishi ni saa ngapi?"

"Saa nne," Kasyoka alisema. "Lakini enda mapema, viti vya mbele vinajaa."