Mablanketi ya Sakafu

Kaka yangu Datius alipokuja likizo mwezi wa saba kutoka Uswidi, alimletea mama chokoleti, na mama hana meno. Zege ndilo lililoletewa zawadi ya maana: kipimajoto.

Naomba mnielewe, simchukii. Ndiye aliyeijenga ile nyumba mpya pale kwetu Kamachumu, kuta mpaka bati, kwa ajili ya kifua cha mama. Nimonia ilikuwa imeshampata mara mbili, na daktari alisema ya tatu huenda asiivuke. Nyumba ya zamani inaingiza upepo kila kona. Ilibaki sakafu tu mama ahamie, na Datius alikuwa na wiki tatu za kuisimamia mwenyewe.

Huko Uswidi yuko kwenye kampuni ya ujenzi. Anafanya nini hasa, hakuna aliyewahi kuuliza. Sisi Wahaya, mtu akishashuka kwenye ndege na koti zito ni injinia, na anayebisha ana wivu.

Jioni ya kwanza alimsimulia mama habari za baridi. Kule mabomba ya maji hupasuka yenyewe. Ndoo ya plastiki ukiigonga inavunjika kama sahani. Zege nalo likipigwa na baridi kabla ya kukomaa, basi tena, linabaki la kumong'onyoka maisha yake yote. Mama alisikiliza mkono shavuni.

"Kumbe zege nalo huwa changa!" akasema. "Waitu, si lifunikwe!"

Jumanne sakafu ikamwagwa. Kipimajoto kikasoma nyuzi kumi na nne. Ta Kahangwa, fundi aliyemwaga nusu ya sakafu za Kamachumu, akasema yanatosha majani makavu ya migomba, na maji asubuhi na jioni. Datius akatabasamu, lile tabasamu la wasomi.

"Ta Kahangwa, baridi hii ni hatari. Hii ni sayansi."

"Mwanangu, barafu ninayoijua mimi ni ile wanayowekea sangara kule kisiwani Bumbire."

"Injinia ameshasema," mama akamkata. Akaingia ndani, akatoka na mablanketi yake yote sita, hata lile alilopewa na akina mama wa kanisani, akamkabidhi mwanawe. Na injinia akayapokea! Akayatandaza juu ya zege moja moja, akayachomekea pembeni.

Mimi naishi Miembeni, Bukoba mjini. Nilipokwenda kuwasalimia Jumamosi, kikohozi cha mama nilikisikia nikiwa bado kwenye migomba. Nilimkuta kitandani amejifunika kitenge na magunia mawili ya kahawa.

"Mama, mablanketi yako wapi?"

"Kwa mtoto." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Zimebaki siku tatu tu. Injinia alisema saba."

Nilitoka mbio. Sakafu imelala hiyo, imefunikwa gubigubi, na Ta Kahangwa anamwagilia maji juu ya mablanketi kama alivyoagizwa. Alipouona uso wangu akaweka ndoo chini.

"Nilimwambia, Edvina. Zege likikaza hutoa joto lake lenyewe. Siku ile ya kwanza lilikuwa na joto kuliko mimi na wewe."

Datius akatokea nyuma yangu, meno yote nje. "Umeliona? Halina hata ufa mmoja!"

"Na mama?"

"Mama kafanyaje?"

Mungu wangu! Yeye usiku alikuwa akilala sebuleni kwa mama, ndani ya mfuko wake wa kulalia wa Uswidi wenye zipu mpaka puani. Nilimuuliza kama kile kikohozi hakukisikia. Akasema alidhani ni moshi wa jikoni. Nilimtukana matusi ambayo sijayatumia tangu tukiwa wadogo, na siyajutii.

Niliyavuta mablanketi. Mawili yalikuwa yameganda na saruji, yakachanika. Manne yalikuwa magumu kama ngozi ya ng'ombe, yanachuruzika maji ya kijivu. Hakuna hata moja la kumfunika mtu. Nikamvua Datius koti lake pale pale, tukamfunika mama, tukakodi gari hadi hospitali.

Ilikuwa nimonia. Daktari alisema tumewahi chupuchupu, lakini tusishangilie kwanza. Wakamtundikia dripu, wakamwekea na oksijeni. Datius alisimama miguuni pa kitanda na fulana yake, anatetemeka kwa baridi.

Saa kumi jioni mama akafumbua macho. Akamtafuta mwanawe, wala si mimi.

"Limekomaa?" akamuuliza.

"Limekomaa, mama."

Mama akavuta pumzi, taratibu, kama anayepandisha ndoo kisimani.

"Basi baba, nirudishie blanketi langu moja. Nasikia baridi."

Datius akanitazama nimsaidie kujibu. Mimi nikaangalia dirishani.