Uzi Uliosokotwa Kigamboni

Niliufumua palepale barazani kwangu, Restuta akinitazama. Urefu wa mkono mmoja tu wa uzi wa bluu, nikauzungusha kinyume mpaka ukaachana kuwa nyuzi mbili.

"Unatafuta nini, Mama Jovin?"

"Namtafuta mtoto wa dada yako."

Kwa miaka kumi na sita, hapa kijijini Kituntu, hakuna uzi uliotoka kwetu bila mikono ya sote wawili, mimi na Restuta. Sufu tuliitia rangi kwenye sufuria moja, kisha kila mtu na pia yake ya kusokotea: yeye akisokota uzi wake, mimi wangu, halafu tunazipinda nyuzi hizo mbili pamoja kuwa uzi mmoja wa kufumia. Nilizika mume. Kibanja changu cha migomba kikaliwa na ugonjwa wa mnyauko. Yote yalipita nikiwa nimeketi mkabala na mwanamke yule, nikimtania mwanya wake.

Kisha mwanawe aliyeko Kigamboni, Dar es Salaam, akamwita akapumzike ufukweni wiki mbili, aje na mwenzake mmoja. Nilinunua ndara. Sitanii, nilizinunua gulioni, nikazificha chini ya kitanda. Yeye akamchukua Edvina, binti wa dada yake kutoka Kamuli, miaka ishirini na miwili, kucha zimepakwa rangi.

"Nenda tu," nilimwambia. "Mimi maji ya kisima yananitosha, hata chumvi hayana."

Alicheka yeye tu, mimi sikucheka.

Picha ikaja kwenye simu: wawili wameketi mchangani, sketi zimepanda magotini, pia zao zinaning'inia, na sufu ya bluu mapajani mwa yule binti. Sufu niliyoitia rangi mimi. Kanisani nikawaambia wanawake kwamba Edvina anasokota kama mtu anayepapasa kuku gizani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyumbani nikaikuza picha kwa vidole viwili hadi uso wa Restuta ukawa vidoti. Alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyoniuma.

Sasa amerudi, ameniletea donge zima la uzi huo, na nyuzi mbili ziko kiganjani mwangu. Mmoja mwembamba, umekaza sawasawa. Mwingine una vinundu, hapa mnene kama mnyoo, pale unataka kukatika. Niliuinua huo wa vinundu, nikafurahi jinsi mtu asivyopaswa kufurahi.

"Huyu ndiye uliyekwenda naye baharini? Mwambie arudi kupura maharage."

Restuta alikunjua kiganja cha kulia, akajaribu kukifumba. Kidole gumba kikabaki kimesimama.

"Huo wa vinundu ni wangu," alisema. "Huu ni mwezi wa pili kidole hiki hakishiki. Nilimpeleka mtoto nikamfundishe mbali na macho ya watu."

"Macho ya nani?"

"Yako, mama. Ungenitania."

Nilitafuta neno la kumchekesha. Mimi huwa sikosi. Lililokuja ni wazo la aibu: Edvina alijua ubovu wa kidole kile kabla yangu. Likanichoma kuliko bahari na mchanga wake wote.

"Mwambie aje Jumatatu," nilisema.

Jumatatu Edvina alikuja mapema, akapiga goti, akaniamkia shikamoo kwa adabu, kisha akaenda kuketi mahali pangu, mkabala na Restuta. Nilimtazama. Nikavuta kigoda kingine, nikakaa kulia kwa Restuta, upande wa mkono mbovu.